Geji za kuongeza kwenye pikapu ya dizeli: sindano inapodanganya, tatizo liko wapi

Mwongozo huu ni wa gari ambalo geji zake zimeshafungwa na kuna kitu hakiendi sawa: sindano imelala, inaruka, inakwenda kinyume, au inasema jambo ambalo fundi haamini. Mifano ni ya Land Cruiser 79 yenye injini ya 1HZ, hasa zile zilizoongezewa turbo, na Hilux za 2KD na 1KD. D-Max, L200 na Ranger hazitofautiani nazo sana upande wa umeme. Tofauti iko kwenye mahali pa kutoboa na mahali pa kuchukulia moto.

Vifaa vya kupimia si vingi: multimita ya kawaida inayosoma hadi milivolti, waya wa mita tatu wenye klipu kila upande, rezista za 33 na 180 ohm kutoka duka la vipuri vya redio, pampu ya baiskeli na sufuria ya maji. Taa ya kupimia yenye balbu iache mbali na nyaya za kompyuta ya injini kwenye gari za D-4D, kama hizo Hilux za 2KD na 1KD. Balbu inavuta umeme mwingi kuliko sakiti hizo zinavyoweza kubeba.

Ni geji, ni waya au ni sensa?

Kila geji ya umeme ina sehemu tatu: sensa iliyoko kwenye injini, waya unaopita katikati, na geji yenyewe. Njia ya haraka ya kumpata mkosaji ni kuanzia kwenye sensa. Chomoa waya wake, washa swichi bila kuwasha injini, gusisha ncha ya waya huo kwenye chuma safi cha injini kwa sekunde mbili tu, kisha uachie. Sindano ikikimbilia upande mmoja ukigusa na upande wa pili ukiachia, geji na waya ni wazima. Kinachosumbua ni sensa au ethi yake, yaani muunganiko wake na chuma cha gari kurudi hasi ya betri. Isiposogea kabisa, rudia kipimo nyuma ya geji. Ikisogea pale, waya umekatika njiani, na mahali pa kwanza pa kutazama ni tundu la ukuta kati ya injini na kabini, ambako waya usiovishwa mpira hukwaruzwa na bati mpaka unakatika au unapiga shoti.

Kipimo hiki ni cha sensa za ukinzani tu, zile za waya mmoja au mbili. Sensa ya nyaya tatu inayolishwa volti 5 usiiguse namna hiyo. Kama geji yako imechukua waya kwenye sensa ya kompyuta ya gari, kugusisha ile volti 5 kwenye bodi kunaweza kuzima injini papo hapo. Sensa ya joto la moshi nayo ina kipimo chake, tutakifikia.

Geji zote zimelala, au zinazima ukipiga stata

Zikilala zote kwa pamoja, usihangaike na sensa. Pima moto na ethi nyuma ya geji huku swichi ikiwa imewashwa. Ukikuta volti 12 ukipima kati ya waya wa moto na bodi, lakini hupati kitu ukipima kati ya waya wa moto na ethi ya geji, ethi imekatika. Usipopata kitu pande zote mbili, fyuzi imeungua. Fyuzi ya geji nne au tano ni ya ampea 3 hadi 5, na inakaa karibu na pale moto unapochukuliwa. Ukiiweka karibu na geji, kipande kirefu cha waya kinabaki bila ulinzi, na waya wa milimita 0.75 ukipiga shoti nyuma ya dashibodi utaunguza na majirani zake.

Geji zinazozima ukipiga stata na kuwaka upya zimechukua moto wa redio, ile nafasi ya kwanza ya swichi, ambao gari huukata wakati stata inazunguka. Za sindano huruka mara moja tu. Za kidijitali huanza upya kila mara, na baadhi hufuta kumbukumbu ya kiwango cha juu ulichokuwa umefikia. Hamishia moto kwenye waya wa nafasi ya pili, unaobaki na umeme hata stata ikizunguka. Ukiutafuta chini ya usukani, viunganishi vya rangi ya njano usiviguse. Hivyo ni vya mifuko ya hewa. Kwa sababu hiyohiyo, kwenye gari lenye mfuko wa hewa wa pembeni usifunge geji juu ya nguzo ya kioo cha mbele, hata kama kishikizo chake kinauzwa kwa ajili ya nguzo hiyo.

Land Cruiser zilizotoka Japani mikononi mwa mtu zinahitaji tahadhari moja kabla hujaunga chochote: baadhi ya zile za dizeli ni za volti 24. Betri mbili peke yake hazikupi jibu, kwa kuwa zinaweza kuwa zimeungwa sambamba na gari likabaki la volti 12. Pima kwenye fyuzi. Geji ya volti 12 ikilishwa 24 haichukui muda mrefu kufa.

Sindano zinaruka ukiwasha taa, indiketa au feni

Hapa ni ethi, karibu kila mara. Geji imeungwa kwenye skrubu ya dashibodi iliyopakwa rangi, au imeshirikishwa ethi ya kiberiti cha gari au ya redio. Ukiwasha mzigo mwingine, umeme wake unarudi kwenye betri kwa njia ileile, volti kidogo zinajengeka kwenye kiungio kibovu, na geji inazihesabu kana kwamba zimetoka kwenye sensa.

Pima hivi: multimita kwenye volti za DC, waya mweusi kwenye kichwa cha hasi cha betri, mwekundu kwenye ethi ya geji. Washa taa kubwa, feni ya kabini na indiketa kwa pamoja. Ukisoma zaidi ya volti 0.1, kiungio hicho hakifai. Hamishia geji zote kwenye waya mmoja wa ethi wa milimita 1.5, ukwangue rangi mpaka chuma king'ae, ufunge kwa bolti na washa ya meno, kisha upake grisi juu kuzuia kutu. Fanya kipimo hichohicho kati ya hasi ya betri na chuma cha injini. Sensa ya waya mmoja inategemea chuma hicho, na waya mnene unaounganisha injini na bodi kwenye pikapu iliyozeeka mara nyingi umeliwa na kutu au ulisahaulika siku injini iliposhushwa.

Sindano zikiruka pale tu mtu anapobonyeza kitufe cha redio ya mawasiliano, kama kwenye Land Cruiser za mashirika zenye redio ya HF, ethi inaweza kuwa nzima kabisa. Waya wa sensa umelazwa sambamba na waya wa antena. Utenganishe kwa sentimita 30 au zaidi, na pale pasipokwepeka zipishane kwa pembe mraba.

Geji ya volti inayosoma 13.4 wakati betri inasoma 14.1 ina hadithi ileile upande wa moto. Waya wake umetoka mbali, baada ya swichi ya ufunguo iliyochoka. Lisha geji kutoka kwenye betri kupitia relei na tofauti itaondoka. Kwa gari la volti 12, altaneta nzima inakuwa kati ya 13.8 na 14.4 injini ikifanya kazi, na betri iliyopumzika inakuwa kati ya 12.4 na 12.7.

Sindano inakwenda kinyume, au imeganda mwisho wa kipimo

Hili huwapata walionunua geji duka moja na sensa duka jingine. Sensa za presha za mtindo wa VDO zinaanza na ohm 10 pasipo na presha na kupanda hadi karibu 180 presha ikijaa. Za mtindo wa Kimarekani zinaanza na 240 na kushuka hadi 33. Ukichanganya, injini iliyozimwa inaonyesha presha tele, na ukiiwasha sindano inaporomoka. Nyuma ya geji mara nyingi hakujaandikwa kitu, kwa hiyo tumia rezista: chomoa waya wa sensa, weka ya 33 ohm kati ya waya huo na ethi. Geji ya VDO itakaa karibu na chini, ya Kimarekani itajaa. Usitumie ya 100 ohm kwa kazi hii, maana geji zote mbili zitakaa karibu na katikati na hutajua lolote.

Sensa za VDO zenye vituo viwili huwa na herufi G na WK. G ni ya geji, WK ni ya taa ya tahadhari. Waya wa geji ukifungwa kwenye WK, sindano haina katikati: iko sifuri injini ikiwa imezimwa, imejaa injini ikiwaka. Fundi mwenye haraka husema pampu ya oili ni kali.

Presha ya oili

Switi ya oili ya Toyota, ile inayowasha taa nyekundu ya dashibodi, ina thredi ya 1/8 ya mtindo wa BSPT, nyuzi 28 kwa inchi. Sensa nyingi za Kimarekani ni 1/8 NPT, nyuzi 27 kwa inchi. Kwa macho zinafanana, na hapo ndipo mtego ulipo: sensa inaingia mizunguko miwili au mitatu, inakaza, fundi anaongeza thredi tepu na nguvu, oili inaanza kuvuja baada ya wiki. Mbaya zaidi ni kupasua kishikio cha alumini. Tumia adapta sahihi. Thredi tepu nayo ikizungushwa tabaka nyingi inaweza kutenga sensa na chuma, na sensa ya waya mmoja ikikosa ethi geji inapotea. Pima ohm kati ya mwili wa sensa na injini. Unatakiwa kupata karibu sifuri. Gundi ya thredi, kidogo tu, inafaa kuliko tepu.

Tatizo jingine ni ti ya shaba, kile kiungio chenye njia tatu. Ukitaka kubakiza switi ya taa nyekundu na kuongeza sensa ya geji, unafunga ti. Sensa ya VDO ni nzito, ti ni nyembamba, na injini ya dizeli inatetema muda wote. Ti inavunjika shingoni, oili inamwagika ndani ya dakika chache, na injini ndiyo inayolipa. Funga mpira mfupi wa presha wenye nyavu za chuma kutoka kwenye bloku hadi kwenye bodi, sensa na ti vikae huko, na sensa ipewe waya wake wa ethi. Wengi wanaukumbuka mpira na kuusahau waya. Dalili yake ni geji iliyokuwa nzima jana na leo imeganda.

Kabla ya kuogopa namba ndogo, fahamu namba za kawaida. Injini nyingi za dizeli za Toyota zikiwa zimepata moto na ziko sailensa, yaani zinaunguruma bila kukanyagwa mafuta, zinaruhusiwa kushuka hadi karibu bar 0.3, na kwa mizunguko 3,000 zinatakiwa kuwa karibu bar 2.5 hadi 6. Geji ya bar 10 kwa hiyo itaonekana imelala kwenye sailensa, na hilo peke yake si ugonjwa. Ugonjwa ni presha inayopungua wiki hadi wiki kwa joto lilelile na mizunguko ileile. Ukiwa na shaka, funga geji ya mekanika kwa muda na ulinganishe, kisha uitoe. Kuiacha kwa kudumu, na mpira wenye oili ya moto ukipita juu ya miguu ya dereva, ni kujitafutia balaa.

Joto la maji

Geji ya kiwandani kwenye Toyota nyingi za miaka ya karibuni imetengenezwa ili sindano ikae katikati hata joto likipanda na kushuka kwa nyuzi nyingi. Ukifunga geji ya pili, utaona sindano inatembea: 84 kwenye tambarare, 93 kwenye mlima, 88 ukiteremka. Gari halijaharibika. Ulikuwa huambiwi.

Kama sensa imefungwa kwenye adapta ya alumini iliyokatiwa katikati ya mpira wa juu wa rejeta, mambo mawili hujitokeza. La kwanza, adapta imezungukwa na mpira pande zote mbili na haina ethi. Iwekee skrubu na waya hadi kwenye injini, la sivyo geji itakaa kwenye baridi milele. La pili, pale ni baada ya thamostati. Geji itaonyesha baridi kwa dakika kadhaa, kisha ipande ghafla thamostati ikifunguka, jambo ambalo hutokea kati ya nyuzi 76 na 88 kutegemea iliyofungwa. Anayetaka kujua injini inavyopata moto tangu mwanzo aweke sensa upande wa kichwa cha injini, kabla ya thamostati.

Kujua kama geji inasema kweli, chomoa sensa, iunge kwa waya mrefu, mwili wake uwe na ethi, na uitumbukize ncha kwenye maji yanayochemka. Hapa wengi huhukumu geji nzima. Maji huchemka kwa nyuzi 100 Dar es Salaam au Mombasa, lakini Arusha ni karibu 95 na Nairobi karibu 94, kwa sababu ya mwinuko. Geji inayosoma 94 kwenye sufuria ya Nairobi iko sawa kabisa. Inayosoma 100 ndiyo ya kutilia mashaka.

Dalili ya hatari kuliko zote haionekani kama dalili: sindano inashuka wakati injini inachemka. Mpira umepasuka, maji yamekwisha, sensa imebaki hewani, na hewa haipitishi joto kama maji. Geji inasema 60 huku kichwa cha injini kinapinda. Sindano ikishuka ghafla mlimani bila wewe kupunguza mafuta, simama. Anayeendesha mbali na mji aongeze sensa inayokaza chini ya bolti kwenye chuma cha kichwa cha injini, ikiwa na king'ora. Hiyo inapima chuma, maji yawepo au yasiwepo.

Sindano inayopanda na kushuka kila baada ya sekunde chache mara tu baada ya kujaza maji mapya ni hewa iliyonaswa. Egesha pua ya gari ikiwa juu, fungua kifuniko injini ikiwa ya baridi, washa hita ya kabini hadi mwisho, uache injini sailensa huku ukijaza mpaka mapovu yaishe. Mapovu yasipokwisha kabisa, angalia gasketi ya kichwa.

Joto la moshi

Hii ndiyo geji yenye faida kubwa kwenye 1HZ iliyoongezewa turbo, na ndiyo inayofungwa vibaya kuliko zote. Sensa yake ni themokapo ya aina ya K: nyaya mbili za aloi tofauti zilizounganishwa nchani, zinazotoa kama milivolti 4 kwa kila nyuzi 100. Umeme mdogo kiasi hicho unaharibiwa na jambo dogo.

Sindano inashuka kadiri unavyokanyaga mafuta: nyaya zimegeuzwa. Rangi zinapotosha hapa. Kwa mpangilio wa Kimarekani chanya ni njano na hasi ni nyekundu, na fundi yeyote wa umeme wa magari akiona nyekundu mkono wake unakwenda kwenye chanya. Kwa mpangilio wa kimataifa, IEC, chanya ni kijani na hasi ni nyeupe. Rangi zikiwa zimefutika, chukua sumaku ndogo: waya unaovutwa, hata kidogo, ndio hasi.

Geji inasoma chini kwa nyuzi 40, 50 au 60, na kosa linabadilika na joto la siku: waya wa themokapo umerefushwa kwa waya wa kawaida wa shaba. Tuseme kiungio kiko karibu na injini kwenye nyuzi 80, na geji iko kabini kwenye nyuzi 30. Geji inadhani nyaya za themokapo zimefika mpaka kwake, kwa hiyo inaisahau ile tofauti ya nyuzi 50. Kosa ni la upande wa hatari: unaona 680, kumbe ni 730. Dawa ni waya wa kurefushia wa aina ya K mwanzo hadi mwisho, na viungio vya kubana au vya aina ya K. Waya uliozidi urefu ukunje na uufunge kwa klipu, usiukate kama geji yako imepimwa kwa urefu ule.

Geji imekaa kwenye 90 au 120 na haisogei hata mlimani: nyaya mbili zimeyeyuka na kugusana njiani. Pale zinapogusana pamekuwa ndiyo ncha mpya, na geji inakusomea kwa uaminifu joto la pale, kwa kawaida karibu na manifodi. Fuata waya kwa mkono, utakuta ganda jeusi.

Geji inaruka ovyo injini ikiwaka, inatulia ikizimwa: pima ohm kati ya ganda la chuma la sensa na waya wake mmojawapo. Ukipata ukinzani mdogo, ncha imeunganishwa na ganda, na geji nyingine hazivumilii ethi ya pili. Tafuta sensa ambayo ncha yake imetengwa, au geji iliyotengenezwa kwa aina hiyo.

Kupima geji peke yake, chomoa themokapo na uunganishe vituo vyake viwili kwa kipande kifupi cha waya. Geji nzima itasoma joto la ndani ya kabini. Kupima themokapo peke yake, weka ncha kwenye maji yanayochemka na multimita kwenye milivolti: siku ya kawaida utaona karibu 3. Usipoona kitu, ncha imekatika.

Kama umeme wote uko sawa na namba bado haziingii akilini, angalia mahali. Sensa iliyo baada ya turbo inasoma chini kuliko iliyo kabla, na mzigo ukiwa mkubwa tofauti inafika nyuzi 100 hadi 200 au zaidi, kwa sababu turbo imeshachukua sehemu ya joto hilo kuzungusha tabaini. Ukomo wa joto la moshi unaotajwa mara nyingi, nyuzi 700, ni wa kabla ya turbo. Anayeuhamishia kwenye sensa ya baada ya turbo anaweza kuyeyusha pistoni huku akiwa na amani. Kwa kabla ya turbo, tarajia kama 120 hadi 200 sailensa, 350 hadi 500 kwenye tambarare, na 600 na kitu ukiwa na mzigo kwenye mlima kama Kitonga. Ukibaki juu ya 700, punguza mafuta au shusha gia. Ncha ikae katikati ya njia ya moshi, pale moshi wa silinda zote unapokutana, isiguse ukuta. Ikiingia kidogo mno inapima chuma na kuchelewa.

Kutoboa kwenyewe: biti ya milimita 8.4 au 8.5, kisha tapu ya 1/8 NPT, ukate kidogo na kurudisha nyuma. Shusha manifodi. Wapo wanaotoboa ikiwa juu ya gari kwa kupaka grisi kwenye biti na kufagia kwa sumaku, na manifodi ya chuma cha kalibu inavutwa na sumaku kweli, lakini punje moja ikibaki inakwenda moja kwa moja kwenye tabaini inayozunguka makumi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika. Gasketi ni rahisi kuliko turbo.

Namba zikiwa za kweli na ziko juu, tafuta kwenye hewa kwanza: kichujio kilichoziba vumbi, mpira wa intakula (kipoza hewa ya turbo) uliochanika chini ya klipu, kisha pampu iliyofunguliwa mafuta kupita kiasi. Kwenye mwinuko hewa ni nyepesi, kwa hiyo pampu iliyorekebishwa pwani inaweza kuwa kali mno ikifika Mbeya.

Presha ya turbo

Dizeli isiyo na kizuizi cha hewa haitengenezi mvuto kwenye manifodi, kwa hiyo geji yenye upande wa mvuto itasimama sifuri sailensa. Si kosa. Geji ya kidijitali inayosoma bar -0.18 Nairobi injini ikiwa imezimwa nayo si mbovu: sensa yake inapima hewa yote na geji imehesabu sifuri kwa usawa wa bahari, wakati hewa ya Nairobi ina karibu kilopaskali 82 badala ya 101. Irekebishe sifuri kama ina kitufe hicho, au ukumbuke kujumlisha.

Geji ya mpira ikisoma chini, chomoa mpira upande wa injini na usukume hewa kwa pampu ya baiskeli hadi bar 0.7, ambayo ni karibu psi 10. Sindano ikishuka, mpira unavuja au umeyeyuka. Ikikaa, turbo au mipira mikubwa ndiyo ya kukagua. Kwa 1HZ yenye turbo ya kuongeza, psi 7 hadi 10 ndiyo kawaida. Uwiano wa mgandamizo wa injini hiyo uko juu ya 22, na presha kubwa zaidi ni kucheza na kichwa. Sindano inayotetemeka kama inasikia baridi inahitaji kizibo chenye tundu la milimita 0.8 hadi 1 ndani ya mpira.

Kosa linaloumiza ni kuchukua presha kwenye mpira mwembamba wa westigeti, ile valvu inayozuia presha ya turbo isizidi. Ukivuja, westigeti inapata presha pungufu, inachelewa kufunguka, na turbo inapita kiwango. Ukichukua kwenye mpira wa diafragmu ya pampu ya mafuta, inayoongeza mafuta presha ya turbo ikipanda, na ukavuja, gari linakosa nguvu na moshi unapungua. Chukua kwenye manifodi ya hewa yenyewe, baada ya intakula, na mpira uteremke kuelekea injini ili ukungu wa oili usikusanyike kwenye geji.

Mengine, kwa ufupi

Taa za geji hazipungui pamoja na za dashibodi: Toyota nyingi za zamani hupunguza mwanga upande wa ethi. Balbu ya geji iliyofungwa kwenye bodi haitasikia kitu. Hasi yake iunge kwenye waya wa kipunguza mwanga.

Takometa ya kuongeza inasoma mara mbili au nusu: dizeli haina koili, kwa hiyo ishara inatoka kituo cha W cha altaneta, ambacho kwenye baadhi kimeandikwa P. Altaneta ya nguzo 12 inatoa mapigo 6 kwa mzunguko wake mmoja. Puli ya injini ikiwa milimita 150 na ya altaneta 60, ni mapigo 15 kwa mzunguko wa injini. Weka namba hiyo kwenye geji. Ikishuka ukikanyaga mafuta ghafla, mkanda unateleza.

Betri imekwisha asubuhi baada ya kufunga geji inayochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi: soketi hiyo ina umeme muda wote. Zima kila kitu, funga milango, unga multimita ya ampea kati ya kichwa cha hasi na waya wake, usubiri dakika 20 hadi 30 kompyuta zilale. Zaidi ya ampea 0.05, chomoa geji na utazame tena.